Monita inanenepesha maharusi

SWALI: Shikamoo fundi. Nina stationari Ngamiani, Tanga, natengeneza kadi za harusi. Laptopu yangu ni ThinkPad T430 yenye Linux Mint, mfumo endeshi niliouweka badala ya Windows. Nimenunua monita ya mtumba ya 1920x1080 na kuiunganisha kwa waya wa VGA. Picha inatokea, ila rizolusheni (idadi ya nukta za picha) inagoma kuvuka 1024x768. Herufi nene, na bwana na bibi harusi wote wamenenepa. Fundi wa mtaani anasema nirudi Windows. Nirudi?

JIBU: Marahaba. Usirudi popote. Kwa waya huohuo, Windows nayo inaweza kukuletea maharusi walewale.

Monita ikichomekwa hujitambulisha. Hutuma taarifa fupi ya baiti 128, iitwayo EDID, kutaja vipimo inavyovimudu. Kwenye VGA taarifa hiyo hupita pini ya 12 na ya 15, na waya kadhaa za bei chee hazina nyuzi hizo ndani, hata kama pini zenyewe unaziona. (Pini ya 9, safu ya kati, ikikosekana usishtuke, ni kawaida.) Kompyuta isipopata utambulisho haibahatishi: inatoa 1024x768, ambayo karibu kila monita inaiweza. Umbo la 4 kwa 3 likivutwa kujaza kioo cha 16 kwa 9, ndipo mashavu yanapovimba.

Kwa hiyo anza na waya. Azima mwingine ujaribu. Tena T430 ina tundu la Mini DisplayPort ubavuni. Monita yako ikiwa na HDMI, nunua waya wa kuunganisha hayo mawili uachane na VGA kabisa. Mimi ningefanya hivyo.

Kama mfuko hauruhusu, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika xrandr, amri ya kupanga vioo, uone jina la tundu lako. Tuseme ni VGA-1. Kisha amri hizi, moja moja:

xrandr --newmode "1920x1080_60.00" 173.00 1920 2048 2248 2576 1080 1083 1088 1120 -hsync +vsync

xrandr --addmode VGA-1 1920x1080_60.00

xrandr --output VGA-1 --mode 1920x1080_60.00

Tarakimu hizo sikuzitunga. Zinatolewa na amri ya cvt 1920 1080. Mwenye monita ya kipimo kingine aiulize cvt kwanza, asinakili zako.

Picha ikisogea upande mmoja wa kioo, bonyeza kitufe cha Auto kwenye monita. Ukizima kompyuta mipangilio hupotea, hivyo weka mistari hiyo mitatu kwenye faili liitwalo .xprofile ndani ya folda yako ya nyumbani. Nukta ya mwanzo usiisahau. Wasomaji wa Ubuntu mpya, Linux ya aina nyingine, msihangaike na amri hizi: huko kuna Wayland, mfumo mwingine wa kuonyesha picha kwenye kioo, na xrandr haina mamlaka. Ninyi nendeni moja kwa moja kwenye waya.