Hiyo karatasi usiitie sahihi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Baba yako mdogo amekutumia karatasi ya kuachia haki katika nyumba yetu ya Porbandar, kule Gujarat, India, anasema binti akishaolewa hana fungu, nawe unaniuliza kama ni kweli.

Si kweli, mama. Ilikuwa kweli zamani. Nyumba ile aliiacha babu yangu, aliyefariki 1949, kwa hiyo ni mali ya ukoo. Kwa Mitakshara, sheria ya jadi ya mali ya ukoo inayofuatwa na Wahindu wa Gujarat, mwana wa kiume huwa mshirika wa mali hiyo tangu azaliwe. Hangoji baba afe. Binti hakuhesabiwa. Sheria ya Urithi ya Wahindu ya 1956 ilimpa sehemu ya fungu la marehemu tu. Chukua baba mjane mwenye mwana mmoja na binti mmoja: baba nusu, mwana nusu. Baba akifa, nusu yake wanagawana hao wawili. Binti robo, kaka yake robo tatu!

Tangu 9 Septemba 2005 binti ni mshirika kwa kuzaliwa, sawa na kaka yake, awe ameolewa au la. Na 11 Agosti 2020 Mahakama ya Juu ya India ikasema haki hiyo anayo hata kama baba alifariki kabla ya 2005.

Utaambiwa mimi na baba yako mdogo tulikwishagawana 1992. Tuligawana kwa chaki. Milango yangu iliandikwa moja, yake mbili, na shangazi yako amesimama ukumbini na sinia ya chai, hakuna aliyemuuliza neno. Sheria inautambua ugawaji wa kabla ya 20 Desemba 2004 kama una hati iliyosajiliwa au amri ya mahakama. Sisi hatukuwa na hati wala amri.

Chai ile niliinywa, nikanyamaza. Mpaka leo inanichoma.

Wazazi wetu wametangulia, kwa hiyo mafungu ni matatu, si mawili: la baba yako mdogo, la shangazi yako, na la kwetu. Lako linatoka ndani ya hili la kwetu, nami sitakupunja. Lakini la shangazi yako ndilo lililoliwa miaka yote hii. Nimempigia jana usiku, nikamsomea sheria neno kwa neno. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama ule mlango wa uani bado una komeo la shaba.

Jumamosi napanda treni kuja Nairobi. Tutamtafuta wakili wa Gujarat pamoja, kwa ajili yenu wawili.

Baba yako,
Mombasa