Kuanika maharage Masaka wiki ya kwanza ya Juni
Ndugu, umeuliza kama wiki hii ya kwanza ya Juni unaweza kuanika maharage Masaka halafu uyapeleke Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa lori. Anika, ila turubai lisikae mbali. Mvua za masika huku kusini zinaaga, lakini ukanda wa Ziwa Victoria haufuati kalenda. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani, mawingu yanajijenga juu ya maji, na alfajiri radi inaweza kupiga Entebbe na Kampala huku Mbarara, kule magharibi mbali na ziwa, wameamka na baridi kavu tu. Kwa hiyo usitandaze kabla umande haujakauka. Subiri hadi saa nne hivi, na ukiona upande wa ziwa umekuwa mweusi, kusanya haraka.

Gulu ni habari nyingine. Kule hawana kiangazi cha Juni kama chetu: mvua inapungua kidogo tu, kisha inapanda hadi Agosti, na mara nyingi hunyesha alasiri. Funika magunia kabla ya kuvuka daraja la Karuma kwenye Mto Nile, hata kama jua linawaka.