Kisukari na maandalizi ya michezo mitatu

Ndugu yangu, umeuliza kama kisukari chako cha kudunga insulini kinakuzuia kujiandaa kuogelea kilomita 3.8, kuendesha baiskeli kilomita 180 na kukimbia kilomita 42.2. Hakikuzuii, lakini nakuomba uanze kwa daktari wako, kwa sababu mazoezi marefu hushusha sukari na huenda kipimo cha insulini kikahitaji kupunguzwa. Bahari ndiyo inayonitia hofu zaidi: hata maji ya Nungwi yakiwa shwari, usiogelee peke yako, na mwenzako akufuate kwa ngarawa akiwa na sharubati, kwani aliyeshukwa na sukari anaweza kuchanganyikiwa kabla hajaomba msaada. Pima pia kabla ya kulala, maana sukari inaweza kushuka usiku, saa nyingi baada ya mazoezi.