Mpwa kapata timu ya besiboli Marekani: ligi ndogo zina ugali, na hii habari ya kwenda Korea ikoje?

Mkuu, umeuliza kuhusu mpwa wako aliyeko chuo huko Texas. Kuna timu imeonyesha nia ya kumchukua kama mrushaji (pitcher, anayemrushia mpira mpigaji), ila ataanzia ligi za chini, na kuna jamaa kakutisha kwamba wengi wao huishia "kubangaiza Korea na Taiwan". Unataka kujua kama humo kuna maisha au akomae na shule. Nimefanya kazi misimu kadhaa kwenye chumba cha wachezaji cha timu ya Triple-A, ngazi moja tu chini ya Ligi Kuu, hapa North Carolina, kazi ya kufua jezi, kupanga makabati na kupakia mabegi kwenye basi, kwa hiyo nitakujibu nilivyoyaona. Sijawahi kurusha mpira hata mmoja wa maana, ila warushaji nimewafulia soksi.

Kwanza ujue ngazi. Kila timu ya Ligi Kuu ya besiboli (MLB), na ziko 30, ina timu nne chini yake, kuanzia ya chini kabisa: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, ukiacha kambi za wanaoanza kule Florida na Arizona. Zamani zilikuwa nyingi zaidi. Mwaka 2021 walipunguza kutoka 160 hadi 120, na vijana wengi wakakosa pa kuchezea. Mpwa wako atasaini na timu kubwa, lakini atakula, atalala na kupanda basi na timu ndogo. Mwajiri ni yule wa juu, ndiye anayeamua nani apande, nani ashuke na nani arudi kwao. Kocha wa timu ndogo mara nyingi ni mpeleka taarifa tu.

Kuhusu hela, hadithi ulizosikia za vijana sita kulala chumba kimoja na kushindia mikate ya siagi ya karanga zilikuwa za kweli. Wachezaji walishtaki, na mwaka 2022 Ligi Kuu ikakubali kulipa dola milioni 185 kumaliza kesi. Mwaka huohuo timu zikaanza kutoa nyumba, wachezaji wakaingia chama cha wafanyakazi, na mkataba wa 2023 ukaweka mshahara wa chini wa dola 35,800 kwa mwaka kwa Triple-A na 26,200 kwa Single-A. Kwa Marekani hiyo ni hela ya mtu wa ghala, ila mtu halali njaa tena.

Sasa linganisha na juu. Mshahara wa chini wa Ligi Kuu mwaka 2025 ulikuwa dola 760,000. Ukigawa kwa siku za msimu unapata zaidi ya dola 4,000 kwa siku, yaani siku kama tisa za juu zinalipa mwaka mzima wa Triple-A. Siku moja tu juu inamfungulia bima ya afya ya ligi, na siku 43 zinampa haki ya pensheni. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini mtu wa miaka 31, bega limefanyiwa upasuaji na ana watoto wawili, bado anapanda basi la Triple-A kwenda mechi Norfolk.

Ratiba ya Triple-A ni mechi sita na timu moja, Jumanne hadi Jumapili, na Jumatatu ni ya kusafiri. Kwa hiyo mambo mengi hutokea Jumapili usiku. Mimi huwa niko chini nasugua suruali, maana udongo mwekundu wa huku mashine peke yake haiutoi, lazima brashi na sabuni ya kipande. Mchezaji anaitwa ofisini kwa kocha na mlango unafungwa. Akitoka, wenzake wanajua kabla hajasema neno. Akiwa amepandishwa, chumba kizima ni kelele, wanammwagia bia, begi linafungwa chapuchapu maana kuna ndege ya alfajiri. Akiwa ameachwa, anazunguka kabati kwa kabati anapeana mikono, na viatu vipya anampa yeyote mwenye saizi yake. Kwa vyovyote, mimi ndiye nabandua jina lake kwenye kabati, na kesho yake mchana kuna mgeni anauliza kama ile namba ya jezi imebaki. Kuna mmoja, mrushaji wa mkono wa kushoto, nilibandua na kubandika jina lake msimu mmoja mpaka nikaacha kulitupa, nikawa naliweka kwenye droo.

Yule hakuwa na bahati mbaya, ndivyo mfumo ulivyo. Timu kubwa ina orodha ya watu 40. Aliyemo anaweza kushushwa na kupandishwa katika misimu mitatu bila timu kuhatarisha kumpoteza, na tangu 2022 wameweka kikomo cha kushushwa mara tano kwa msimu. Misimu hiyo ikiisha, timu haiwezi tena kumshusha kienyeji. Lazima imtoe kwenye orodha na kumweka mbele ya timu nyingine 29, anayemtaka amchukue. Ndipo unaona mtu anavaa jezi tatu ndani ya mwaka mmoja. Asiyewahi kuingia kwenye hiyo orodha ndiye mwenye hali ngumu kuliko wote, anaweza kurusha vizuri miaka na asiitwe.

Hapo ndipo nakuja kwenye Korea, na hapa jamaa yako kakupotosha kabisa.

Mwaka 2014, kabla sijapata kibarua hiki, nilikuwa nakwenda kutazama Durham Bulls, timu ya Triple-A ya Tampa Bay. Uwanja wao uko jirani na maghala ya zamani ya tumbaku na una bango la fahali: ukilipiga kwa mpira unapewa steki. Kulikuwa na mrushaji anaitwa Merrill Kelly. Alichaguliwa 2010 raundi ya 8 ya draft (timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu), akapanda ngazi zote taratibu, na mwaka ule alikuwa na wastani wa kuruhusu chini ya alama tatu kwa kila inningi tisa, yaani mechi nzima. Hakuitwa juu. Hakuwa na kasi ya kumtoa mtu macho, na jukwaani nilikokaa hakuna aliyemzungumzia. Baada ya msimu akaenda Korea, timu ya SK Wyverns ya Incheon, bila kuwahi kucheza hata siku moja Ligi Kuu. Alikaa misimu minne, 2018 wakachukua ubingwa, na Arizona wakamsaini kwa miaka miwili kwa dola milioni 5.5. Alianza Ligi Kuu akiwa na miaka 30. Mwaka 2023, mechi ya pili ya fainali ya Ligi Kuu dhidi ya timu ya Texas, alirusha inningi saba, akatoa watu tisa kwa kuwakosesha mpira, akaruhusu alama moja tu, wakashinda 9-1. Usiku ule nilipiga simu kwa watu waliokuwa wamelala.

Korea kuna timu kumi, na miaka yote hiyo kila moja iliruhusiwa wageni watatu tu, wawili wao ndio warushaji. Hesabu mwenyewe: warushaji wa kigeni kama 20 nchi nzima. Mgeni wa mwaka wa kwanza analipwa hadi dola milioni moja. Hao si watu waliotupwa, wamechujwa. Na hawapewi muda wa kujifunza, maana umeletwa uwe tegemeo. Ukivurunda mwezi mmoja kuna mwingine anapimwa afya. Lakini unarusha inningi nyingi kila wiki, unacheza viwanja vilivyojaa ngoma na nyimbo, na unajaribu mirusho ambayo Triple-A wasingekuachia. Erick Fedde alikuwa kaachwa na Washington, akaenda NC Dinos 2023, akashinda mechi 20 na kuwa mchezaji bora wa ligi, akarudi Chicago White Sox kwa dola milioni 15. Japani kuna Colby Lewis, miaka miwili Hiroshima, kisha akarudi Texas na kuwapeleka fainali 2010 na 2011.

Niliowauliza waliocheza Japani huanza na mpira wenyewe. Wa Marekani unateleza, ndiyo maana kabla ya mechi unapakwa tope maalumu linalochotwa kwenye kijito cha mto Delaware. Wa Japani unanata kidogo tangu unapotolewa kwenye boksi na ni mdogo kidogo mkononi. Anayerudi huku huchukua wiki kadhaa vidole vikubali. Pia kule mrushaji anayeanza mechi hupewa zamu mara moja kwa wiki, huku ni kila baada ya siku tano hivi.

Na kama mpwa wako anataka mfano wa Mwafrika, amfuatilie Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, mrushaji wa kwanza kutoka Afrika kufika Ligi Kuu. Cubs ya Chicago walimchagua 2011, wakamwacha, akacheza Sioux City kwenye ligi isiyo na uhusiano na timu yoyote kubwa, akafika juu 2019 na Seattle, akaenda Hiroshima, akarudi akapita San Diego, Dodgers, Boston na Oakland, na 2024 akiwa Houston alicheza mechi zaidi ya 60 kwa wastani wa chini ya 2.5. Alikuwa na miaka 32. Na sasa kuna Waganda wameingia, David Matoma wa Pirates ni mmoja.

Usisahau lakini, kwa kila Scott mmoja nimebandua majina mengi ambayo hayakurudi.

Sasa kuhusu mkataba. Timu inaweza kuandika humo kwamba italipa masomo yake akiacha mpira. Halitokei lenyewe, lazima liombwe kabla ya kusaini, na kiasi kiandikwe kwa dola, na asome muda wa kuanza kulitumia, maana lina mwisho. Pili, kama yuko kwa visa ya mwanafunzi, hawezi kuanza kulipwa na timu mpaka wamwombee visa ya wanamichezo, P-1. Visa hiyo inafuata mkataba. Wakimwacha Julai, hali yake ya kukaa nchini inayumba Julai hiyohiyo, jambo ambalo mwenzake Mmarekani wa Ohio haliwazi kabisa. Atafute mwanasheria wake mwenyewe wa uhamiaji, asitegemee wa timu.

Kama amebakiza mwaka mmoja wa chuo na hela ya kusaini ni ndogo, mimi ningemwambia amalize. Kama ni laki za dola, asaini na shule ilipiwe na timu. Weka hapa kasi anayorusha na kiasi walichotaja, wapo humu wanaojua hesabu hizo kuliko mimi.