Saratani ya tezi dume ya hatari kubwa: kabla hamjauza shamba kufuata protoni

Swali la protoni, aina ya tiba ya mionzi isiyopatikana Tanzania, huja mapema mno. Mzee amepewa majibu ya kinyama (kipande kilichokatwa kwenye tezi ili kupimwa), mtoto aliye Dar amesoma habari za Chennai, India, kwenye simu, na kabla wiki haijaisha ukoo unajadili kama shamba la kahawa liuzwe. Kwa saratani ya hatari kubwa, anzeni na vipimo na tiba ya homoni, yaani kushusha homoni za kiume. Aina ya mionzi mtaijadili mkiwa na majibu mkononi.

Hatari kubwa ni PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) inayozidi 20, au alama ya Gleason (ukali wa saratani unaosomwa kwenye kinyama) kuanzia 8 hadi 10, au uvimbe uliokwisha kutoboa ganda la tezi. Moja tu kati ya hayo inatosha. Kama mzee amekuwa akimeza finasteride kwa miezi mingi ili akojoe vizuri, PSA yake inasomeka karibu nusu ya ile halisi, hivyo 12 inaweza kuwa 24. Mtajieni daktari dawa hiyo hata asipouliza.

Skani ya mifupa ni lazima, pamoja na CT au MRI ya nyonga. Saratani ikishasambaa kwenye mifupa mingi, safari ya protoni haina kazi tena. MRI ikifanywa mara tu baada ya kuchukua kinyama, damu iliyovuja huchanganya picha. Subirini kama wiki 6 ikiwezekana.

Tiba ya homoni ndiyo tunayoisisitiza kuliko yote, kwa sababu ndiyo inayoachwa. Sindano yake, goserelin, ya miligramu 10.8 huchomwa kila miezi 3, ile ya 3.6 kila siku 28. Kwa kawaida huanza kama miezi 2 kabla ya mionzi na kuendelea mpaka itimie miezi 18 hadi 36. Sindano ya kwanza hupandisha homoni za kiume kwa muda, kwa hiyo vidonge vya bicalutamide, vinavyozuia homoni hizo, hutangulizwa, la sivyo mkojo unaweza kuziba. Miezi michache baadaye PSA inashuka karibu na sifuri, mzee anajisikia mzima, na familia inaona sindano ni gharama ya bure. PSA hiyo imeshushwa na sindano. Ugonjwa bado unahitaji kubanwa. Kama fedha za sindano hazitadumu, semeni mapema. Kutoa korodani hufanya kazi ileile mara moja na kwa gharama ndogo, na mzee astahili kuelezwa hilo kwa heshima, akiwa peke yake na daktari, si mbele ya wakwe.

Sasa protoni. Eksirei hupita mwilini na kutokea upande wa pili. Protoni husimama kwenye kina kilichopangwa na kuachia nguvu yake nyingi hapo. Hospitali ya kwanza Marekani kuwa na mashine yake yenyewe ya protoni ilikuwa Loma Linda, California, mwaka 1990. Apollo ya Chennai ilianza 2019. Tanzania hatuna. Lakini ukuta wa puru umegusana na tezi, kwa hiyo hupata mionzi kwa njia zote mbili. Utafiti wa PARTIQoL, uliotangazwa 2024, ulilinganisha protoni na eksirei za kisasa, na baada ya miaka 2 hali ya haja kubwa ilikuwa sawa. Wagonjwa wake walikuwa wa hatari ndogo na ya kati. Kwa hatari kubwa, anayewaahidi kwamba protoni inaponya zaidi ya LINAC (mashine ya eksirei za tiba) ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, hana ushahidi.

Aliyewahi kupigwa mionzi ya nyonga ana sababu nzuri ya kuulizia protoni. Mwenye nyonga ya chuma aulize kwanza, maana miale huingilia pembeni kupitia nyonga na chuma huvuruga kina chake.

Mkienda, bebeni bloku za nta zilizohifadhi kinyama na vioo vyake vya maabara pamoja na ripoti, CD ya picha zenyewe, na orodha ya sindano zenye tarehe, kwa sababu sindano inayofuata itaangukia safarini. Ombeni kwa maandishi idadi ya vipindi. Grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 60 kwa vipindi 20 ni wiki 4. Grei 78 kwa vipindi 39 ni karibu wiki 8 za kodi na chakula.

Kila kipindi kibofu kiwe na maji kama walivyoelekeza, mara nyingi nusu lita dakika 30 hadi 45 kabla, na haja kubwa iwe imetoka. Gesi husogeza tezi. Vinavyoleta gesi, kama kiburu, makande, kabichi na mbege, viachwe siku kadhaa kabla ya skani ya kupangia mionzi, na visirudi mpaka vipindi viishe.

Baadaye, PSA ikipanda kwa 2 juu ya kiwango chake cha chini kabisa, rudini kwa daktari. Damu ikionekana kwenye choo, hata baada ya mwaka, mwambieni anayempima puru kwamba mzee alipigwa mionzi. Kukata kinyama kwenye ukuta wa mbele wa puru kunaweza kuacha kidonda kisichopona, au tundu linalounganisha puru na njia ya mkojo.