Kimea kimoja, maji ya maziwa mawili

SWALI: Shikamoo mama. Nipo Mwanga, Kigoma mjini. Mimi na rafiki yangu wa Tabora tuliagiza kimea cha shayiri, hopsi (maua ya kuipa bia uchungu na harufu) na hamira, tukagawana nusu kwa nusu ili kila mmoja apike peili eili, ile bia nyepesi ya hopsi, kwake, vipimo vilevile. Yake imetoka rangi ya dhahabu, na ukifungua chupa unasikia harufu ya maganda ya chungwa. Yangu imekuwa kama chai ya rangi. Uchungu unang'ang'ania kooni, ulimi unakauka kama nimekula pera bichi, na harufu hamna. Nilirudia nikaongeza hopsi, ikawa mbaya zaidi. Natumia maji ya bomba na huwa nayachemsha kwanza. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa maelezo yako sioni kosa la mikono. Mligawana kila kitu isipokuwa maji, na hapo ndipo penye shida. Bomba lako linatoka Ziwa Tanganyika. La rafiki yako siku hizi linaleta maji ya Ziwa Victoria, yanayosafiri kupitia Nzega mpaka Tabora.

Maziwa haya hayafanani hata kidogo. Maji mengi ya Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, kwa hiyo ni mepesi. Tanganyika ni ziwa la kale, kina chake kinakaribia mita 1,470, mto unaotoka humo ni Lukuga peke yake, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa jua. Maji yanapanda, chumvi zinabaki. Tena Mto Ruzizi unaingiza humo maji ya Ziwa Kivu, kwenye nchi ya volkano. Matokeo yake, lita moja ya Tanganyika ina takriban miligramu 400 za bikaboneti, chumvi inayoua uchachu, karibu mara 7 ya Victoria, na pH yake (kipimo cha uchachu: namba ikipanda, uchachu unapungua) inakaribia 9. Kwa kunywa hayana neno, lakini kwa bia nyepesi ya hopsi yanaharibu kazi.

Ukiloweka kimea kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 67, chenyewe hutoa asidi kidogo, na uji ule unatakiwa utulie kwenye pH 5.2 hadi 5.5. Nilipokuwa maabara ya kiwanda cha bia, hiyo ndiyo namba niliyoiandika kabla ya nyingine yoyote. Bikaboneti inaila ile asidi, na uji wako naamini unabaki juu ya 6. Maganda ya shayiri yana tanini, kama majani ya chai. pH ikiwa juu, halafu ukasuuza machicha kwa maji yaliyopita nyuzi 77, tanini nyingi zinaachia na kuingia kwenye sufuria. Hilo ndilo pera bichi lako. Pia togwa, yaani maji matamu yanayochujwa kwenye uji huo, ikiwa na pH kubwa hukolea rangi inapochemka, na hopsi humo hutoa uchungu mwingi zaidi, tena ule mkali usiotaka kuondoka mdomoni. Ulipoongeza hopsi uliongeza uchungu huo, nayo harufu ikafunikwa.

Kuchemsha maji hakukusaidii, ingawa ushauri huo utausikia kila mahali. Unafaa pale bikaboneti inapokuwa pamoja na kalsiamu nyingi, kwa sababu ikichemka inaganda, ule ukoko mweupe wa ndani ya birika. Tanganyika ina kalsiamu kama miligramu 10 tu kwa lita. Bikaboneti yake imekaa na sodiamu na magnesiamu, na haigandi kirahisi namna hiyo.

Kama huniamini, chemsha choya kidogo hadi iwe nyekundu sana. Weka glasi mbili mezani, moja ya maji ya mvua, nyingine ya bomba, udondoshee kila moja matone machache. Ya mvua itabaki ya waridi. Ya bomba itageuka zambarau au buluu mbele ya macho yako, kwa sababu bikaboneti imeila asidi ya choya.

Basi tumia mvua. Kigoma inanyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei, unaweza kujaza tangi. Acha mvua za mwanzo zioshe bati, usikinge kwenye paa la asbestosi, na yachemshe. Kiangazi nunua maji ya chupa, lakini soma lebo: tafuta yenye bikaboneti ndogo.

Mvua tupu nayo haina kalsiamu, na kimea kinaihitaji. Kwa bia ya lita 20 utatumia kama lita 28 za maji na kilo 5 za kimea. Tia gramu 5 za jasi na gramu 3 za kloridi ya kalsiamu, upime kwa mzani mdogo kama wa sonara. Jasi ndiyo iliyoupa sifa mji wa Burton kule Uingereza kwa bia hizi, kwani salfeti yake huufanya uchungu wa hopsi uwe safi na mkavu. Iwe jasi ya chakula. Ile ya wajenzi usiiguse.

Bado pH itahitaji kushushwa kidogo, na hapa napenda njia ya togwa chachu. Siku 2 kabla, pika lita moja ya togwa ya kimea hichohicho, ikiwa vuguvugu tupia konzi ya kimea kibichi, funika vizuri, weka penye joto hadi iwe chachu kama mtindi. Ichuje, ichemshe, kisha uimimine kwenye uji kidogo kidogo huku ukipima. Nusu lita huwa inatosha. Wajerumani, ambao sheria yao ya bia hairuhusu kutia asidi, hufanya vivyo hivyo. Lakini usijaribu kusahihisha maji matupu ya ziwa kwa njia hii: asidi itakayohitajika ni nyingi, utaionja kwenye bia.

Kuhusu harufu, zima moto, subiri togwa ishuke hadi nyuzi 80, tia hopsi za mwisho, funika dakika 20, ndipo uipoze. Zilizobaki zifunge zisipate hewa, uziweke friza. Zikinuka jibini, tupa. Na kwa joto la Kigoma, agiza hamira ya Norwei iitwayo kveiki, inayochachua vizuri hata kwenye nyuzi 30 na zaidi.

Ukipika tena, dakika ya 15 chota kijiko cha uji, kiache kipoe kabisa, pima pH, halafu niandikie namba hiyo hata kabla bia haijaiva.