Sufu Katika Mji wa Joto: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi Hii Mombasa

Wanaokuja kujifunza kazi ya sufu hapa Mombasa huuliza kwanza habari za kusokota, na si ajabu, kwa kuwa kijiti kinachozunguka ndicho kinachovutia macho. Mimi huwaanzishia kwenye maji. Kusokota ni mazoea ya vidole, na vidole vya mtu aliyekulia akisuka ukili au nywele havichelewi kuyapata. Lakini sufu iliyoharibiwa wakati wa kuoshwa hairudi tena kuwa sufu, na hasara nyingi nilizoziona katika mji huu zimetokana na maji, yawe ya kisimani, ya sufuria ya rangi au yale yaliyomo hewani.

Kondoo wa pwani hufugwa kwa nyama, na singa zake fupi hazisokoteki. Sufu yetu hutoka bara kwenye baridi, pande za Nyandarua, Molo na Timau, kwa kondoo wa Merino, Corriedale na machotara wao. Hufika ikiwa na mafuta, jasho, vumbi na samadi, kwa hiyo usidhani kwamba kilo uliyoinunua ni kilo ya uzi, maana sufu ya Merino huweza kupoteza hata nusu ya uzito wake baada ya kuoshwa. Fungua gunia mbele ya muuzaji, chomoa kishungi kidogo, kishike ncha zote mbili, kisha ukivute kwa ghafla karibu na sikio. Kikitoa mlio mkali bila kukatika, nyuzi zake ni imara. Kikichanika kwa sauti ya kupasukapasuka, kondoo huyo aliugua au alikosa malisho msimu ule, na uzi wake utakukatikia mkononi.

Kwa kuosha, jaza beseni maji ya moto ya nyuzi 60 hivi, ambayo mkono hauyavumilii bila glavu. Mafuta ya sufu huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 40, hivyo maji ya vuguvugu yataondoa vumbi na kuuacha unato palepale. Tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, koroga, ndipo uitumbukize sufu na kuikandamiza taratibu mpaka izame, kisha uiache robo saa pasipo kuigusa. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa mikono iliyozoea kufua kanga hutaka kusugua. Kila unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo yasiyoonekana kwa jicho, na joto, sabuni na msuguano vikikutana magamba hayo hushikana yasiachane tena. Wako mafundi wanaofanya hivyo kwa makusudi ili wapate kitambaa kizito cha kofia na mazulia. Wewe unataka uzi, kwa hiyo usisugue, usiinyonge, wala usiiweke chini ya bomba lililofunguliwa. Itoe kabla maji hayajapoa, kwani mafuta yaliyoyeyuka huganda upya juu yake, na uihamishie kwenye maji mengine yenye joto lile lile.

Maji yenyewe yachague. Visima vingi vya Kisauni na Likoni vina chumvi, na katika maji ya namna hiyo sabuni hukataa kutoa povu na huacha utando mweupe unaonata kwenye sufu. Kinga maji ya mvua wakati wa masika. Ukiyakosa, tia siki kidogo katika maji ya mwisho ya kusuuzia. Magadi na sabuni ya unga viweke mbali. Vimeng'enya vilivyomo katika baadhi ya sabuni hizo vimekusudiwa kula madoa ya damu na mayai, ambayo ni protini, na sufu nayo ni protini. Jiki ni mbaya zaidi: huwa ninatia kishungi ndani ya gilasi ya jiki mbele ya wanafunzi, na kabla ya kipindi kwisha hakuna kinachosalia cha kushika.

Kuhusu rangi, mji huu umebarikiwa. Shabu, inayoifanya rangi ishike sufu, hupatikana kwa wauza viungo wa Marikiti, na gramu 10 hadi 15 zinatosha gramu 100 za sufu iliyokauka. Pima sufu baada ya kuianika juani, kwa sababu huweza kunyonya unyevu unaokaribia thuluthi ya uzito wake ilhali mkono ukiiona kavu, na hesabu ya shabu ikaharibika. Chemsha kwa moto mdogo saa 1, pasipo kutokota. Maganda ya vitunguu, ambayo wauzaji wa Kongowea huyatupa, hutoa rangi ya dhahabu inayodumu kuliko ile ya bizari ya manjano, ambayo hupendeza siku za mwanzo na kupauka juani. Hina haihitaji hata shabu, maana hushika sufu kwa sababu ile ile inayoifanya ishike kucha na nywele. Sufuria yenye kutu itafifiza na kutia weusi rangi zote hizi, jambo ambalo mimi binafsi hulipenda kwenye maganda ya vitunguu.

Kusokota kwenyewe kutakuwa rahisi kuliko unavyoogopa, na hapa unyevu wetu ni msaada, kwani nyuzi huwa laini na hazirukiruki. Ukisokota uzi mmoja mmoja kuelekea kulia, unganisha nyuzi mbili kwa kuzisokota kuelekea kushoto, la sivyo uzi utajikunja wenyewe.

Kazi iliyokamilika huharibiwa na nondo, au tuseme viwavi wake, ambao hupenda giza na sufu yenye jasho. Karafuu na udi hunukia vizuri lakini haviui mayai. Kung'uta sufu juani mara kwa mara, na ukiona chembechembe kama mchanga chini ya mfuko, ifunge ndani ya plastiki isiyopitisha hewa na uigandishe kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Ukiitoa usifungue mfuko mpaka upate joto la chumba, kwa sababu unyevu wa hewa yetu ukikutana na sufu ya baridi hugeuka maji papo hapo, na itakubidi uanze kuianika upya.